Jiko Lililoota Moto Peke Yake

14 Oktoba 2015

Shemeji Désiré,

Amani iwe kwako na kwa wote walio chini ya paa lako. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na Laurette anaendelea vizuri na mzigo aliobeba. Tulisikia kwa Juvénal kwamba siku zake zimekaribia. Mungu amvushe salama. Sisi, yaani mama, dada yako Aurélie, binti yetu Mireille na mimi, tu hai. Sikuandika kwamba tu wazima, kwa sababu ingekuwa uongo, na sitaki kuanza na uongo wakati nina mengi ya kweli ya kukueleza.

Utaona hapo juu nimeweka tarehe bila mahali. Sikusahau. Unanijua, mimi ni mtu wa kuandika kila kitu mahali pake, na wewe umenicheka kwa ajili hiyo tangu siku ya harusi yangu. Mahali utapasoma mwishoni.

Barua yako Juvénal alituletea huko juu wiki iliyopita, pamoja na marobota yake ya nguo za mitumba. Niliisoma kwa sauti mbele ya mama kwa sababu alitaka kusikia kila neno. Nikasoma kwamba faili ya Kanada, ile ya wakimbizi kuhamishiwa huko, imeamka, kwamba mnaitwa ofisini Ijumaa hii asubuhi, na kwamba jina la mama ndilo la kwanza kwenye faili, hivyo bila yeye faili haisimami. Nikasoma amri yako kwamba nimpandishe mama kwenye taxi akiwa msafi, asivae blanketi kama wanawake wa mashambani, na kwamba Aurélie na mimi tusimfuate, maana majina yetu hayamo. Halafu nikafika pale ulipoandika kwamba nimemfunga mama kwa dawa, kwamba mkwe anayemng'ang'ania mama wa mke wake miezi yote hii lazima ana kitu anachotafuta. Hapo niliiweka barua chini. Mama akaniambia niendelee, maji ya chai yanachemka.

Unataka jibu moja tu: mama atakuja Ijumaa, au hatakuja. Jibu lipo. Lakini mimi nilingoja jibu lako tangu mwezi wa tano hadi wa nane. Wewe unaweza kungoja kurasa chache.

Nianze na siku ile kambini, kwa sababu barua yako inasema tulimchukua mama. Hatukumchukua, Désiré. Sisi tulikuwa kwenye hema baada ya duka letu la Isipingo kuvunjwa na waliokuwa wanawafukuza wageni, na mama alikuwa kwako South Beach, ghorofa ya saba, analala kwenye kitanda na kuangalia bahari. Wewe ndiwe uliyekuja naye mkono kwa mkono, na mkono wa pili umeshika mikate. Ulisema kuna mama mmoja Mzulu, mteja wako wa zamani, ana duka tupu kwenye kijiji cha kaskazini, mbele ya Newcastle, tukakae huko mpaka mji upoe. Ulisema mama aende nasi kwa wiki chache, kwa sababu anaongea Kiswahili kwenye ngazi na majirani wanaanza kugeuka. Laurette alikuwa mgeni nyumbani mwako na chumba kilikuwa kimoja. Tulielewa. Hakuna aliyekuuliza swali.

Ulitusindikiza hadi rank, kituo cha taxi. Ukaegemea mlango wa taxi, ukatupa sheria. Nje ya nyumba, Kiswahili hapana. Hata nyumba ikiungua, tupige kelele kwa Kizulu. Sote tulicheka, na dereva pia, ingawa hakuelewa. Ukamwambia mama kwamba yeye hasa ndiye anayeongea, dukani na njiani awe gogo, bibi wa Kizulu, asisikiwe na mtu. Mama hakucheka. Aliitikia kwa kichwa kama mtoto anayetumwa dukani na kuambiwa asisahau.

Kijiji chenyewe kiko juu ambako hata miti imekataa kukaa. Kuna majani makavu, mawe, ng'ombe, na upepo. Duka la MaSithebe, yule mteja wako, ni jengo la matofali ya saruji lenye bati juu: mbele duka, katikati chumba kimoja chenye jiko la makaa ya mawe, na nyuma stoo ya unga na mafuta ya taa. Hiyo ndiyo nyumba. Kitanda chetu, Aurélie na mimi, kilikaa katikati, karibu na jiko, maana hapakuwa na pengine. Sasa umeshaelewa tatizo kabla sijalitaja, kwa sababu desturi ni ya kwenu, mimi niliioa pamoja na dada yako.

Kwa wengine hapa duniani mkwe ni mtu wa kawaida. Kwenu mimi siwezi kukaa chumba kimoja na mama yako, siwezi kumpa mkono, siwezi kutafuna mbele yake, na yeye hawezi hata kukitazama kitanda ninacholala. Nimeishi hivyo miaka tisa bila kulalamika. Isipingo ilikuwa rahisi: akija kutembelea kupitia mlango wa mbele, mimi natoka wa nyuma. Na dawa yake inajulikana. Mtoto wa kiume wa kwanza anakuja na kuku, anatuketisha mama na mimi kwenye sinia moja, tunakula, haya imeisha. Tangu hapo mkwe ni mtoto. Hukuwahi kulifanya kwa sababu hatukuwa na haraka, nami sikukudai. Lakini baridi haina subira ya watu wa pwani.

Mwezi wa tano ulikuwa wa kujikunyata tu. Wa sita ndio uliotufundisha. Asubuhi maji ya ndoo yalikuwa na kifuniko kigumu, Mireille akikipasua kwa kijiko. Mafuta ya kupikia yaliganda meupe ndani ya chupa, wateja wakarudisha wakidai tumewauzia yaliyooza. Bomba la kijiji liliganda hadi jua lilipolipiga, kwa hiyo wanawake wote walilisubiri pamoja, na kila Aurélie alipofika walinyamaza. Hawakumtukana. Walimgeuzia migongo tu, na ndoo yake ikawa ya mwisho hata alipokuwa wa kwanza. Jioni vijana walipita wakigonga dirisha la chuma la duka kwa fimbo zao, wakituuliza kama kwetu kuna umeme, na kama tumekuja kuwaoa dada zao au kuwala ng'ombe wao. Mmoja alizoea kutupa sarafu za mkate sakafuni ili niiname. Niliinama. Nilikuwa na watu watatu nyuma ya ukuta.

Jiko lilikuwa moja. Mama alipojua kwamba kitanda kile ni changu, alitoka, akatandika mkeka wake stoo, katikati ya magunia ya unga. Aurélie alimlilia. Mimi nilihamia dukani, nikalala chini ya kaunta, ili mama aende kwenye moto. Akakataa: nyumba ya mwanamume haihamishwi na mama mkwe wake. Tukataka kukibeba kitanda, lakini hakikupita kwenye mlango wa dukani, kilikuwa kimeingizwa kabla ukuta haujamalizwa. Tukataka kumwashia mama moto wa makaa stoo ndani ya debe. MaSithebe akasema moshi wa makaa kwenye chumba kilichofungwa haumwamshi mtu, na kwamba mwaka jana walizika wawili. Basi ikawa hivi: mimi nalala dukani kwa heshima ya mama, mama analala stoo kwa heshima yangu, na jiko katikati linaota moto peke yake.

Usicheke. Au cheka, sisi pia tulicheka mwanzoni. MaSithebe, ambaye ana sauti ya mtu anayefukuza mbuzi, aliuliza kama bibi yule ameadhibiwa kwa kosa gani. Aurélie alipomweleza, alipiga mapaja yake. Akasema Wazulu pia wanawaheshimu wakwe, wao ndio walioivumbua heshima, lakini heshima yao ina akili, wakati wa baridi inasogea karibu na jiko. Kisha akaacha kucheka, akasema kwamba sisi tufanye ushenzi wetu tunavyotaka, ila bibi huyo asifie kwenye jengo lake, kwa sababu kulisafisha jengo baada ya kifo ni kazi kubwa na yeye hana nafasi. Siku iliyofuata alituma blanketi zito la rangi ya kahawia na kijivu. Alisema analikopesha, halitoi.

Tulikupigia. Mara ya kwanza ulisema utakuja mwisho wa mwezi na kuku wawili, si mmoja. Mama alikusikia, akaanza kutwanga pilipili. Mwisho wa mwezi ulisema kuna mzigo wa simu umefika, duka halina mtu. Mwezi wa sita ulisema barabara si salama kwa watu kama wewe, nami nikakubali, ingawa Juvénal anapita kila wiki mbili na Kifaransa chake chote. Halafu ukatoa ile fikra yako, kwamba tuweke simu kwenye loudspeaker juu ya sinia, wewe uongee kutoka Durban, tule, iishe. Aurélie alimpelekea mama ujumbe huo stoo. Mama akauliza kama simu nayo itanawa mikono.

Mwezi wa saba hukupokea tena. Ulipopokea, ulimwambia dada yako kwamba ulishindwa kupiga kwa sababu ulikosa salio. Mwenye duka la simu alikosa salio. Nililiandika siku hiyo hiyo kwenye diary yangu, na sikuongeza chochote.

Kikohozi cha mama kilianza wakati huo. Kwanza kilikuwa cha asubuhi, kisha kikawa hakina saa. Nilikisikia kupitia ukuta na sikuweza kwenda, kwa sababu kwenda kungekuwa kumvua nguo. Nilimwita Aurélie aende. Aurélie alikwenda na maji ya moto, akarudi na uso ambao sitaki kuuona tena.

Jumapili moja theluji ikaanguka. Kulikucha bila sauti, hata mbwa hawakubweka, na tulipofungua mlango, dunia ilikuwa imefunikwa unga. Mireille aliuliza kama magunia ya stoo yamepasuka. Kijiji chote kilifungiwa ndani. Hakuna mteja, hakuna kijana wa fimbo. Mchana nilikuwa chumbani, nimekaa kando ya jiko na Mireille miguuni, Aurélie anasonga ugali, ndipo mlango wa stoo ukafunguka.

Nilisimama nitoke. Mama akaniambia nikae. Sikuwahi kusikia sauti yake ikisema nami moja kwa moja, Désiré, miaka tisa yote ilipitia kwa mtu mwingine. Aliniita kwa jina. Akasema Vénérand, sogea, miguu yangu haisikii sakafu. Akaja, akaketi kwenye kigoda mkono wangu wa kulia, ameyatazama makaa na si kitanda. Aurélie alikuwa ameshika mwiko hewani. Mama alimwomba sinia. Hakukuwa na kuku. Kulikuwa na ugali, maharage, na ile pilipili aliyotwanga kwa ajili yako. Alimega tonge, akalichovya, akaliweka upande wangu.

Sikula. Ninajua maana yake, na wewe unaijua kuliko mimi. Sinia lile mama huliweka mwenyewe ikiwa tu hana mtoto wa kiume aliye hai. Nilimwambia kwamba siwezi, kwamba Désiré yuko hai, yuko Durban, ana nguvu na ana kazi. Nilikutetea, shemeji. Mama alikohoa mpaka akamaliza. Kisha akasema hajamzika mtu, ila mwenye kuja angekuja, na chakula kinapoa. Nikala. Mireille alipiga makofi kwa sababu hakuwahi kutuona pamoja. Aurélie alitoka nje kwenye theluji bila viatu, akakaa huko muda, akarudi akasema alikuwa anaangalia kama bomba limeganda.

Tangu siku hiyo mama alilala kando ya jiko nyuma ya pazia, na kikohozi kikashuka ingawa hakikuondoka. Mchana tulikaa pamoja tukichambua maharage ya kuuza. Ndipo nilipomjua. Ana mizaha mibaya. Aliwapa majina vijana wote wa fimbo, na yule wa sarafu alimwita Gavana. Siku moja Gavana alitupa pesa yake sakafuni, mama akatoka nyuma ya pazia, akaiokota polepole, na kwa Kizulu chake cha kuombea radhi akamshukuru kwa kumfanyisha mazoezi ya mgongo. Wenzake walimcheka. Hakuirudia. Sisemi kijiji kilitupenda. Kilituzoea, kama mtu anavyozoea jiwe ndani ya kiatu.

MaSithebe alimfundisha kujipaka usoni udongo mwekundu wa kuzuia upepo wa mwezi wa nane, na kufunga kitambaa kama wao. Kizulu alikishika kuliko sisi sote. Hata mimi nilipomsalimia kwa Kiswahili mlangoni, alinijibu kwa Kizulu mpaka mlango ufungwe. Ilikuwa sheria yako, naye aliishika kama amri ya kumi na moja.

Na alikutaja kila siku. Nakuandikia hili kwa sababu ni kweli, ingawa sipendi ulijue. Tulisikia jinsi ulivyoogopa vyura, ulivyomficha mbwa wa jirani chini ya kitanda, ulivyombeba mama mgongoni mkivuka mto wakati wa vita ukiwa na miaka kumi na minne. Ule mto niliuvuka mara nyingi kando ya lile jiko. Kila mara maji yalikuwa yanapanda.

Ndiyo maana barua yako ilipofika na maneno yako ya dawa na faili, mimi nilisema asije, Aurélie akasema asije, na mama akasema atakuja, kwa sababu mwanawe ameita. Alikuwa na sharti moja. Hakutaka kukuona mara ya kwanza kwenye benchi la ofisi. Alitaka kukuona kwako, kabla ya Ijumaa, bila kukuambia.

Sasa nitaje mahali. Ninakuandikia kutoka Sydenham, kwa dada Antoinette wa kanisani, nyumba ya njano nyuma ya duka la matairi. Niko hapa tangu Jumatatu, mimi na mama. Tulisafiri siti moja, bega kwa bega, naye amelala begani mwangu kuanzia Ladysmith.

Jana Jumanne, mvua ile nyembamba ilipokuwa inanyesha, tulikuja dukani kwako, South Beach. Alivaa blanketi la MaSithebe, kwa sababu kifua chake hakijui kwamba Durban kuna joto. Alijipaka udongo wake na kufunga kitambaa chake. Alisema utacheka mpaka ukae chini. Alikuwa amepanga yote njiani: ataingia kama mteja, atakuita, utainua macho, utaona gogo wa mashambani, halafu utamwona yeye. Aliniambia nibaki mlangoni, nisimharibie.

Nilibaki mlangoni, nyuma ya lile bango lako la chaja. Uliinamia simu iliyofunguliwa, una kile kioo chako jichoni. Kulikuwa na watu wawili mbele yake. Alipanga foleni. Zamu yake ilipofika alikusalimia, na kwa kuwa alikuwa nje ya nyumba, alikusalimia kwa Kizulu. Alikuita ndodana, mwanangu. Ukamjibu, yebo gogo, bila kuinua kichwa. Akangoja. Akasema anaomba airtime, vocha ya five rand. Ukavuta droo, ukaitoa, ukampa mkononi juu ya kioo cha kaunta, na hapo ukainua macho, Désiré. Ulimtazama usoni. Ukamwambia, sharp gogo, sogea kidogo, kuna watu nyuma.

Akasogea.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia hata Aurélie. Ningeweza kukuita. Neno moja tu lingetosha, na mdomo wangu ulikuwa wazi. Lakini nilipoona hukumjua, nilifurahi. Baridi yote ile, migongo yote ile bombani, maneno yako ya dawa, yote yalilipwa pale kwenye kioo chako, nikafurahi. Haikudumu. Aligeuka, nikauona uso wake chini ya ule udongo, na furaha yangu ikanitia aibu ambayo bado ninayo. Tulitembea hadi kwenye robot, taa ya barabarani. Ilikuwa nyekundu. Akasema umenenepa, unakula vizuri, Laurette anajua kupika.

Nyumbani kwa Antoinette aliosha uso, akakaa. Baadaye akaniuliza kama Kanada kuna baridi. Nilimwambia ukweli, kwamba baridi ya huko ni mama wa ile ya kwetu, theluji inakaa miezi. Akaniuliza ni nani atakayewasha jiko. Nilimwambia huko hakuna jiko, joto linatoka ukutani. Akasema hakuniuliza linatoka wapi. Nilimsihi aende Ijumaa. Niamini au usiniamini. Nilimwambia kuna madaktari wa kifua, nilimwambia kuna mjukuu anayekuja. Alisema mjukuu atamngoja, na kwamba amekwisha kukaa msimu mmoja wa baridi akisubiri mtu aje, wa pili hauwezi.

Basi jibu ni hili. Mama hatakuja Ijumaa. Ukiwa ofisini utawaambia unachoweza. Usiseme nimemzuia, alisimama mbele yako, mkono wako ukagusa wake.

Antoinette atakuletea bahasha hii kesho mchana, baada ya taxi yetu kuondoka. Ndiyo, nilipanga hivyo, na mama alikubali. Alisema pia nikuandikie kwamba sinia lipo. Sikutaka kuliandika, lakini ni neno lake na mimi ni mwandishi tu. Ukija, uje na kuku, na mlango ukishafungwa umwamkie kwa Kiswahili.

Ndani ya bahasha utakuta vocha yako ya five rand. Haijakwanguliwa. Mama anasema ulikosa salio.

Msalimie sana Laurette, umwambie mama anamwombea ajifungue bila shida, na jina la marehemu baba mkwe liko wazi kama ni wa kiume. Wasalimie wa kanisani wanaotuulizia, ikiwa wapo. Aurélie hakunituma salamu, kwa hiyo sikupi. Mireille anamsalimia mjomba wake; hajaambiwa chochote.

Baki na Mungu.

Mimi, mume wa dada yako,
Vénérand